Maximilla na Vyuma vya Mgongoni

Wanawake wanaoanika omena, wale dagaa wa Ziwa Victoria, ufuoni Dunga huinama kuanzia kiunoni, miguu imenyooka, kama kisu cha kukunja. Mtu asiyezoea akijaribu, muda si mrefu ataomba kiti. Maximilla Naswa aliinama hivyo tangu alipoolewa Kisumu akitokea Port Victoria, na kiuno chake hakukifikiria zaidi ya alivyofikiria kope za macho yake. Alitandaza omena juu ya nyavu kuukuu, akazigeuza jua lilipopanda, akafukuza ndege na kuku, akazikusanya kabla mvua ya jioni haijashuka. Alikuwa mwanamke mrefu, mwepesi wa kucheka na mwepesi wa ugomvi pia. Akibishana na wenye mashua juu ya karai lisilojaa, hakujisumbua kusimama wima. Aliwajibu palepale alipoinama, uso chini, na wao ndio walionyamaza.

Rafiki yake mkubwa pale ufuoni alikuwa Selpha Aoko, mjane wa Kijaluo aliyeanika nyavu za jirani. Kila mmoja alijua lugha ya mwenzake kidogo tu, ya kutosha kumtania. Mengine yote waliyasema kwa Kiswahili cha kuokotaokota, na kilitosha. Mume wa Maximilla, Wechuli, alikuwa fundi wa kuchomelea milango na madirisha ya chuma upande wa Kibuye. Walikuwa na binti mmoja, Emmaculate, na nyumba ya vyumba viwili Nyalenda, karibu kiasi kwamba upepo ukigeuka harufu ya samaki iliingia hadi jikoni.

Alianguka asubuhi moja ya mvua za Aprili. Mashua zilikuwa zimerudi na omena nyingi, na wanawake waliingia majini kununua kabla bei haijapanda. Maximilla alipanda ubao wa kuteremkia huku karai limejaa kichwani. Ubao ulikuwa na utelezi wa magamba. Mguu mmoja ulikwenda mbele, na yeye akaketi kwa kishindo, mwili mzima, juu ya ukingo wa mashua. Selpha alisema baadaye kwamba alisikia mlio kama wa kuni kavu. Maximilla mwenyewe hakusikia kitu. Alijikuta amekaa majini, omena zinaelea pande zote, naye anashangaa kwa nini hawezi kuinuka kuziokota.

Hospitalini daktari aliwaonyesha picha. Pingili moja ya chini ya mgongo ilikuwa imepasuka na vipande vyake vimesogea karibu na mishipa ya fahamu.

"Tutaweka vyuma viwili na skrubu," daktari alisema, "halafu mifupa ya hapo itashikana iwe kitu kimoja. Hapatakunjika tena, lakini utatembea."

"Na kazi yake?" Wechuli aliuliza.

"Kazi nyepesi."

Maximilla alikuwa amelala chali, macho darini. "Daktari," alisema, "kwetu sisi hakuna kazi inaitwa hivyo."

Upasuaji ulikwenda vizuri. Hilo lazima lisemwe, kwa sababu watu wengi baadaye walitaka kuamini vingine. Alitoka akitembea, amefungwa mkanda mgumu kifuani hadi nyongani, na jumuiya ndogo ya kanisa ilikuja nyumbani kutoa shukrani. Wimbo ulipoanza alisimama akacheza, wima kama nguzo ya stima, mabega tu ndiyo yanayotikisika. Watu walicheka mpaka wakafuta machozi, naye alicheka kuwashinda. Wechuli alimtengenezea reki ya mpini mrefu ili ageuze omena bila kuinama. Miezi ilipopita alirudi Dunga na hiyo reki, akikaa kwenye stuli pale uzito wa mwili ulipomzidi. Wenye mashua walimwita Mama Reki. Aliupokea mwaka ule kama haki yake. Hakujua ulikuwa mzuri kiasi gani.

Maumivu yaliporudi hayakuja mgongoni. Yalianza kama joto kwenye paja la kushoto, kama mtu aliyekaa karibu mno na jiko. Alibadilisha mkao, yakapoa. Yakarudi. Kisha ikaanza habari ya kandambili. Alikuwa akitembea ufuoni, halafu anasikia Selpha akimwita kwa nyuma, ameshika kandambili ya mguu wa kushoto.

"Nyamera, dada yangu, umeacha kiatu tena."

Mara za kwanza walicheka. Lakini Maximilla aliona kwamba hakuwa amehisi kiatu kikitoka. Akauangalia mguu wake. Alitaka kuinua vidole, na vidole havikuinuka. Vilikuwa vimelala pale mchangani kama vya mtu mwingine.

Daktari wa mara hii alikuwa mwanamke kijana, mpole, asiye na haraka. Aliwawekea picha mpya kwenye mwanga.

"Mifupa iliyoungana haikunjiki tena," alieleza. "Kwa hiyo ile iliyo juu yake inafanya kazi yake na ya wenzake. Hii hapa imechakaa na inabana mshipa. Na skrubu hii ya chini, mnaona giza hili kuizunguka? Imelegea."

Wechuli alisogea akaangalia ile skrubu kwa muda mrefu.

"Nani alikosea?" Maximilla aliuliza.

"Inawezekana hakuna. Kuna watu wanaishi na vyuma hivi mpaka uzee bila shida. Na kuna wengine inakuwa hivi."

Walirudi kwa tuktuk. Walipokaribia nyumbani Maximilla alisema, "Afadhali mtu angekosea. Ningekuwa na wa kumlaani."

Walimpasua tena. Skrubu iliyolegea iliondolewa, na vyuma virefu zaidi vikapandishwa juu, kupita pale palipochakaa. Safari hii kidonda kiliingiwa na uchafu. Kilifunga juu na kuoza ndani. Kikafunguliwa, kikasafishwa, kikaachwa wazi kijazwe bandeji kila siku na muuguzi aliyegeuza uso pembeni kila alipopumua. Kwa miezi alilala ubavu, kwanza wodini, kisha nyumbani. Mwanamke aliyenuka samaki ujana wake wote bila kujali sasa aliwasikia wageni wakisita mlangoni, na alijua wanasita kwa nini. Akamwambia Emmaculate asikaribishe watu ndani.

Kidonda kilipona, lakini mguu haukurudi. Na kitu kingine nacho kilikuwa kimeondoka, kitu ambacho alimwambia daktari kwa kunong'ona huku Wechuli akiwa nje: hakujua tena mkojo unakuja lini. Wakati mwingine ulikataa mpaka tumbo likauma. Wakati mwingine alijua umetoka kwa kuhisi leso imepoa.

"Mishipa ya hapo chini iliguswa," daktari alisema. "Huenda ikaamka. Tuipe muda."

Waliupa muda, nao ukapita.

Wechuli alifanya alichojua kufanya. Aliinua kitanda kwa miguu ya chuma ili asihangaike kuinuka. Alichomelea vyuma vya kushikia chooni na bafuni, akavipaka rangi ya buluu. Alijifunza kumvalisha soksi na kumpandisha suruali, kwa sababu Maximilla hakuweza kukunja mgongo aifikie miguu yake mwenyewe. Alifanya yote hayo vizuri, kwa utulivu, kama mtu anayefanya kazi ya mteja anayemheshimu. Kisha akaanza kulala sebuleni kwenye kochi.

"Nikijigeuza unaumia," alisema alipoulizwa.

Ilikuwa kweli. Akijigeuza kweli aliumia. Maximilla alitafuta namna ya kumwambia kwamba maumivu hayo angeyavumilia, lakini hakupata maneno ambayo mwanamke aliyevaa pampasi anaweza kumwambia mumewe bila kuona haya. Kwa hiyo akasema, "Sawa, Baba Emma," na kochi likabaki kuwa kitanda cha Wechuli.

Dawa zilikuwa za aina mbili, na zote zilimchukua. Akizimeza, maumivu yalisogea kando na yeye akasogea pamoja nayo. Alikaa akimwangalia mtu anayeongea na neno lisiingie, mdomo mkavu, tumbo gumu kama ngoma. Asipozimeza, alikuwepo, akili safi, na mguu ulimwaka kuanzia nyonga hadi kisigino. Akachagua siku hadi siku ni lipi kati ya hayo mawili anaweza kulibeba.

Lililomchosha kuliko yote lilikuwa neno moja la watu wema. Wanawake wa jumuiya walikuja Jumapili, wakamkuta amekaa wima, amesuka nywele, shati safi, na Mama Wanyonyi, mwenyekiti wao, akasema kama kawaida, "Leo unaonekana vizuri kabisa, Mama." Alionekana vizuri. Vyuma vilimkalisha kama malkia. Hakuna aliyeweza kuona kwamba ameketi juu ya moto. Mwanzoni alieleza. Aliona macho yao yakijaa huruma, kisha huruma ikichoka, kisha macho yakitafuta saa. Akajifunza kujibu, "Namshukuru Mungu." Walipoondoka alimwambia Selpha, "Ningekatwa mguu wangeniamini."

Selpha hakuwa mtu wa kufariji. Alikuja akitoka ufuoni, magamba bado mikononi, akakaa kwenye kigoda akieleza nani amegombana na nani, magugu maji yamefunga upande gani wa ghuba, omena zimekuwa chache namna gani. Hakuuliza, "Unaendeleaje?" Maximilla alimpenda kwa hilo. Hata hivyo, yapo aliyomficha. Hakumwambia kwamba asubuhi, kabla hajafungua macho, huwa anabaki kidogo akisikiliza kama bado yupo, na kwamba akigundua yupo huvunjika moyo.

Emmaculate alikuwa ameolewa na kijana wa mtaa wa Manyatta na akapata mtoto wa kiume. Wakamwita Wafula, kwa jina la baba mzazi wa Maximilla. Alikuwa mtoto mzito, mwenye mapaja ya mikunjo, mwenye hasira ya njaa. Maximilla alimbeba akiwa ameketi, mtu akimwekea mapajani na mtu akimwondoa. Kwa muda aliokuwa naye pale, akinusa utosi wake, alikuwa karibu kuwa mzima. Hakupata kumbeba mgongoni. Mara moja alimwomba Emmaculate amfunge mtoto kwa leso mgongoni mwake, dakika kidogo tu. Emmaculate alisita, akasema, "Mama, tafadhali." Hakuomba tena.

Siku moja msichana aliyemlea Wafula alipata homa. Emmaculate alikuwa amepata kazi saluni mjini na mwenye saluni alikuwa mkali. Alikuja mbio, mtoto kiunoni.

"Mpaka jioni tu, Mama. Ameshiba. Namweka kitandani hapo kwako, umzibie na mito. Mama Selpha nimempigia, amesema atapita."

"Nenda," Maximilla alisema. "Wewe nilikulea nikiwa nimeinama kutwa nzima. Huyu atanishinda?"

Alisema hivyo kwa furaha, na ilikuwa furaha ya kweli. Kwa saa za kwanza mambo yalikwenda. Mtoto alilala, akaamka, akacheza na kifuniko cha sufuria. Maximilla alimwimbia nyimbo za Port Victoria, hata zile za arusi zisizofaa watoto.

Lakini Wafula alikuwa amefika umri wa kutambaa na kushika. Bibi yake alipogeuka, na kugeuka kwake kulikuwa kugeuka mwili wote, miguu na kichwa pamoja, kuchukua chupa ya uji mezani, mtoto alishika shuka, akaporomoka nayo taratibu hadi sakafuni. Hakuumia. Alikaa pale akishangaa, kisha akaona mlango. Ulikuwa wazi, na nje ya kizingiti palikuwa na mtaro wa maji machafu, umejaa kwa mvua ya usiku. Akaanza kwenda.

"Wafula," Maximilla aliita. "Wafula, rudi kwa kukhu, kwa bibi yako."

Mtoto aligeuka, akatabasamu, akaendelea.

Kuna jambo ambalo mtu mwenye mgongo mzima hulifanya kabla hajalifikiri. Maximilla alilifikiri. Alishika fimbo yake ya kutembelea, akajaribu kumziba njia kwayo. Mtoto akaishika akacheka, akaipita. Akaita majirani. Redio ya jirani ilikuwa juu. Mkono wa mtoto ulipogusa kizingiti, aliiachia fimbo na kujiangusha. Haikuwa kuinama wala kupiga magoti. Alijiachia kama gunia linavyoachiwa kutoka begani, na alipofika chini alinyoosha mkono akashika kifundo cha mguu wa mtoto.

Alimshika. Hilo alilifanya.

Maumivu yalipotulia kidogo kiasi cha kuona tena, alimvuta mtoto hadi kifuani. Kisha akajaribu kuinuka. Alijaribu kwa kiwiko, akajaribu kwa kushika mguu wa kitanda ambao mumewe aliuinua kwa ajili yake. Mguu wa kushoto haukusaidia na wa kulia ulitetemeka. Simu ilikuwa mezani. Aliita mpaka sauti ikakauka. Mtoto naye alianza kulia, mwanzo kwa hasira, baadaye kwa njaa, kwa sababu chupa ya uji nayo ilikuwa mezani, wote wawili wakiiona. Alijaribu kujikokota naye kuelekea mezani na hakufika popote. Alipohisi joto chini yake, na kujua ni nini, alimsogeza Wafula juu zaidi kifuani asilowe. Hakuwa na kitu kingine cha kumpa. Mtoto alilia hadi akachoka, akalala hivyo, pua imejaa kamasi, mkono umeng'ang'ania shati la bibi yake.

Selpha alichelewa ufuoni kwa sababu mashua ziliingia kwa kuchelewa. Jua lilikuwa limeinamia upande wa ziwa alipoingia na kuwakuta. Aliweka chini kapu lake.

"Mos, nyamera," alimpa pole kwa Kijaluo. "Mos."

"Mtoe mtoto kwanza," Maximilla alisema. "Ana njaa."

Selpha alimlisha Wafula, kisha akaita wanaume wawili wamwinue Maximilla, lakini kabla hawajaingia alimfunika leso yake mwenyewe na kumwaga maji sakafuni, ili ionekane ni maji. Maximilla aliona. Hakushukuru, na Selpha hakungoja shukrani.

Emmaculate alipofika hakugomba. Ingekuwa nafuu angegomba. Alimkagua mtoto mikono na miguu, akamkagua mama yake, akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Si wewe, Mama," alisema. "Ni mimi niliyekosea kukuachia."

"Nilimshika," Maximilla alisema. "Alikuwa anaenda mtaroni, nikamshika."

"Najua, Mama."

Wiki iliyofuata Wafula alipelekwa kwa mama mmoja Manyatta anayelea watoto wa wafanyakazi. Hakuna aliyemwambia Maximilla kwamba mambo yatakuwa hivyo tangu sasa. Emmaculate aliendelea kuja na mtoto Jumamosi, lakini alikaa naye mwenyewe. Akitoka hata kwenda dukani kununua chumvi, alimchukua. Siku moja alisahau, akafika mlangoni, kisha akarudi, akamwokota mtoto mapajani mwa bibi yake huku akisema jambo kuhusu jua na kofia. Maximilla alimpa kofia.

Kuanguka kule kulikuwa kumeongeza jambo mgongoni. Walikwenda tena hospitali, wakapiga picha tena. Daktari yule mpole alisema anaweza kujaribu upasuaji wa tatu, lakini hawezi kuahidi, na kwamba kwa hali ya kovu lililoko ndani huenda ukaleta madhara zaidi ya utakayoondoa.

"Angekuwa mama yako?" Wechuli aliuliza.

Daktari aliikagua picha tena. "Ningemwacha," alisema.

Jumapili iliyofuata jumuiya ilikutana nyumbani kwa Maximilla, maana ilikuwa zamu yake na yeye hakukubali irukwe. Viti vya plastiki vilijaa sebule. Selpha, ingawa si Mkatoliki, alikuwa jikoni akichemsha chai. Baada ya somo, Mama Wanyonyi alisema kama anavyosema kila mara, "Sasa tumwombee dada yetu apate uponyaji."

"Hapana," Maximilla alisema.

Walidhani hawakusikia vizuri.

"Msiniombee nipone. Mmeomba sana na nimechoka kushindwa mbele yenu. Kila mkimaliza mnaniangalia kama nitasimama."

Wechuli, aliyeketi karibu na mlango, alitazama mikono yake.

"Basi tuombe nini, Mama?" Mama Wanyonyi aliuliza, na hakuuliza kwa ubaya. Alitaka kujua.

Maximilla alifikiri kwa unyofu. Alifikiria mguu, na kochi, na asubuhi. Alifikiria mtoto akiwa Manyatta kwa mwanamke asiyemjua.

"Sijui," alisema. "Hata mimi sijui cha kuomba."

Wanawake walishika rozari zao wakaangalia sakafu. Mmoja alianza Baba Yetu kwa sauti ya chini, wengine wakafuata, kwa kuwa hiyo kila mtu anaijua. Maximilla hakufungua mdomo. Alikaa wima kama vyuma vilivyomtaka akae, akasubiri wamalize. Walipomaliza, Selpha alileta chai.